Karatasi ya Kumi na Tisa

Asubuhi ile Nefise alikuta kwenye ramani kisanduku ambacho hakukichora yeye.

Alikuwa ameifungua ramani ya sakafu ya chini ya nyumba ya wageni, ile inayojengwa juu ya mji wa Smolyan, kwenye mteremko wa misonobari. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Ofisi ilikuwa kimya, jiko la kuni ndilo lililokuwa likisema peke yake. Alichotafuta ni upana wa dirisha tu. Akaona, juu ya ngazi ya mbele, kando ya kisanduku alichokichora yeye zamani, mstatili mwingine wa mistari ya vipande vipande, na ubavuni mwake kiduara kilichokatwa katikati: juu namba moja, chini namba kumi na tisa.

Kwa wachoraji wa ramani hicho si kioja. Nyumba nzima haiwezi kuingia kwenye karatasi moja na kila kitu chake kikasomeka. Basi mahali penye mambo mengi, kama ngazi au msala, hufungiwa kisanduku, na kiduara humwambia fundi: kipande hiki kimechorwa kwa ukubwa zaidi, nenda karatasi namba fulani ukakione. Fundi hufunua, huenda, hukuta. Ni kama mtu kukushika mkono gizani akakupeleka chumba cha pili. Unamwamini, unakwenda.

Lakini ramani za nyumba ile zilikuwa na karatasi kumi na nane tu.

Nefise alikifuta. Akajimiminia chai ya mlimani, akaipuliza, akarudi kwenye kioo cha kompyuta. Kisanduku kilikuwa palepale.

Akajiambia ni programu, programu nayo ina ujinga wake. Hata hivyo aliiweka chai chini bila kuinywa, kwa sababu kisanduku kingeweza kutokea mahali popote katika nyumba ile, nacho kilikuwa kimetokea kwenye ngazi aliyofia kaka yake.

Kaka yake aliitwa Rushan. Alikuwa mwashi, mtoto wa waashi, mtu wa swala tano asiyejua hata ladha ya pombe. Baba yao alipofariki, Rushan ndiye aliyembeba Nefise mabegani kumpeleka shule theluji ikiwa imefika magotini. Nefise alipohitimu uchoraji wa ramani, Rushan alizunguka kijiji kizima akitamba kwamba sasa ukoo wao utajenga kwa mwiko na kwa kalamu.

Na kosa lililomuua lilikuwa dogo, ndiyo maana lilikuwa halisameheki. Programu ile hukitia kiduara namba yenyewe, mradi umeunganisha kisanduku na mchoro uliokuzwa. Ukizipanga upya karatasi, namba huhama pamoja nazo. Vuli iliyopita bosi alikuwa anaharakishwa, na mchoro mkubwa wa ngazi ya mbele ulikuwa bado haujawekwa kwenye karatasi yoyote, hivyo kiduara chake kilionyesha vistari viwili vitupu, kama macho yaliyofumbwa. Nefise akaandika kwa mkono: kumi na mbili, karatasi ambayo mchoro ule ungekuja kuwekwa. Kwa muda tu, alisema moyoni, nitaunganisha baadaye. Kisha manispaa ikadai karatasi moja iongezwe mbele, ya njia za kukimbilia moto. Karatasi zote zikasogea nafasi moja. Namba zilizounganishwa zikasogea nazo. Ile ya mkono ikabaki ilivyo, na kwenye karatasi ya kumi na mbili sasa ilikuwa imekaa ngazi ya nyuma.

Ngazi zile zilifanana kama ndugu, na juu ya zote mbili Nefise alikuwa ameandika neno moja tu: Ngazi. Tofauti ilikuwa kwamba ya mbele ilihitaji bimu nene ya zege ukingoni, ya nyuma haikuhitaji. Rushan alifuata kiduara. Akamwaga zege bila bimu. Siku ya kutoa nguzo za mbao ukingo ulikatika, naye alikuwa amesimama juu yake.

Kabla wakaguzi hawajafika, mwenye ofisi, msanifu Bozhidar Kalchev, alimwendea Nefise msibani. Hakuja kwa vitisho. Alikuja macho yakiwa mekundu, akambusu mama yao mkono, kisha akamvuta Nefise kando ya banda la kuni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kilichotokea hakirudishiki, kwamba kuna ofisi, kuna watu wanaokula kupitia ofisi, kuna jela.

"Unganisha kisanduku, Nefise," alisema. "Zile karatasi za kule juu kwenye ujenzi nitazibadilisha mimi mwenyewe."

Nefise aliunganisha. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja.

Wakaguzi wakakuta ramani ni sahihi. Wakaandika kwamba mwashi alisoma vibaya. Kwenye nyumba ya kahawa watu wakajiuliza mwashi wa miaka yote ile anasomaje vibaya, na kwa kuwa swali halikai bila jibu, mmoja akasema labda siku hiyo alikuwa amepiga glasi kidogo. Nefise aliisikia habari hiyo akiwa kwenye foleni ya mkate. Alishika mfuko wake kwa nguvu, akanunua mkate, akaenda nyumbani.

Hayo yote yalimpitia pale mbele ya kioo. Mwishowe akafanya alichokuwa anakiogopa. Ukikibonyeza kiduara mara mbili, programu hukupeleka kinakokuelekeza. Akakibonyeza.

Karatasi ya kumi na tisa ilikuwepo.

Ilikuwa ngazi ya mbele, imekuzwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini, imechorwa vizuri kuliko alivyowahi kuchora yeye. Chini ya ngazi palikuwa na mtu, na Nefise alimjua, kwa sababu mstari wa mtu huyo ulikuwa umetoka kwenye kalamu yake mwenyewe. Kiangazi kilichopita Rushan alipita ofisini kunywa maji, akasimama dirishani, na jua likalaza kivuli chake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nefise alikuwa anahitaji umbo la mtu wa kusimama kando ya ngazi ionekane kwamba kichwa hakigongi. Akakifuata kivuli kwa penseli, kofia na mwiko mkononi, wote wakicheka.

"Angalia dada, usije ukanijengea ukutani," Rushan alimwambia.

Kwenye milima ile hakuna asiyeujua utani huo. Waashi wa zamani, nyumba ikikataa kusimama, walipima kwa uzi kivuli cha mpita njia asiye na habari, wakauzika uzi ndani ya ukuta. Nyumba ilisimama. Mwenye kivuli hakukaa sana duniani, na roho yake ikabaki humo kuwa mlinzi. Rushan alisema akacheka, akanywa maji yake, akaenda.

Kwenye mchoro wa ubavuni, Nefise alimchora amesimama. Lakini hii iliyokuwa mbele yake sasa ilikuwa ramani ya sakafu, na ramani ya sakafu hutazamwa kutoka juu, kama ndege anavyotazama. Mtu aliyesimama huonekana kichwa na mabega tu. Huyu alionekana mzima, kofia mpaka viatu. Kwenye ramani ya sakafu mtu wa namna hiyo ni mtu aliyelala chini.

Na ofisini, mle ndani mlimokuwa na joto na vumbi la karatasi, pakaanza kunuka zege bichi.

Akamwita Kalchev. Bosi alikuja, miwani juu ya paji la uso, akainama, akaangalia.

"Kisanduku gani kipya?" aliuliza taratibu. "Mimi naona ngazi na kisanduku chake cha siku zote tu. Nenda nyumbani ukapumzike, Nefise. Umechoka, na una haki ya kuchoka."

Nefise aliona kwamba bosi hakuitazama ngazi ile kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata alifanya kazi kwenye ramani nyingine, za shule na za mazizi, akawa haigusi nyumba ya wageni. Lakini hata kwenye ramani ya zizi la ng'ombe kisanduku kilimfuata, kikakaa pembeni, kikimwelekeza karatasi ya kumi na tisa. Alipoifungua kwa kuchoka kukimbia, alikuta yule mtu wa chini ya ngazi, naye amefungiwa kisanduku chake, na kiduara chake kinasema karatasi ya ishirini. Akabonyeza. Kilichotokea hakikuwa nyumba ya wageni tena.

Kilikuwa jiko lake. Moja kwa kumi. Meza yake, jiko la kuni, rafu ya maharagwe, na ufa wa ukutani nyuma ya mlango ambao hakuna mtu aliyewahi kuupima, umeandikiwa urefu wake kwa milimita. Mlangoni palikuwa na miviringo miwili, mdogo ndani ya mkubwa. Alikuwa amechora mingi ya namna hiyo maishani. Ni mtu aliyesimama, ukimtazama kutoka juu: kofia na mabega.

Jioni hiyo alifika nyumbani adhana ya magharibi ikiwa inaisha. Nefise aliishi peke yake tangu talaka yake. Mama yake alikaa kwa Sabriye, mke wa Rushan, kijijini. Akavua viatu, akavaa soksi nzito za sufu, akawasha jiko, na alipochutama kupuliza moto alisikia kitu ukutani.

Ko. Ko. Kisha kimya.

Rushan alikuwa na tabia hiyo. Nyumba yoyote aliyoingia, hata ya ugenini, aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, halafu akanyamaza na kutega sikio, asikie kama ndani ni pazima au pana uwazi. Alikuwa akisema ukuta ni kama mtu, ukiugonga ukausubiri utakwambia wenyewe kilichomo. Sasa kishindo kile kilianza karibu na dirisha, kikagonga mara mbili, kikanyamaza kama anayesubiri jibu, kikasogea hatua moja, kikagonga, kikanyamaza, kikapita nyuma ya rafu ya maharagwe na maharagwe yakatikisika ndani ya mitungi, kikapita kwenye ufa, na kila kiliponyamaza kimya chake kilikuwa kirefu kuliko kile cha kabla, mpaka Nefise akawa anauogopa ule ukimya kuliko kugonga kwenyewe, kwa sababu ndani ya ukimya kulikuwa na mtu anayesikiliza, naye Nefise alikuwa na la kusema na hakulisema.

Alisoma Ayatul Kursi. Akaisoma mpaka mwisho, ulimi ukiwa mzito. Ukuta ulinyamaza, lakini harufu ya zege ilibaki mpaka asubuhi.

Karatasi ya ishirini na moja hakuibonyeza. Ilikuwa imefunguka yenyewe alipowasha kompyuta. Moja kwa tano: kiti chake cha jikoni tu, na yeye mwenyewe amekaa juu yake, akionekana kutoka juu, utosi na kitambaa cha kichwa, na nyuma yake, karibu kiasi cha mabega kugusana, ile miviringo miwili.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Bibi Atije.

Bibi Atije aliishi mwisho wa barabara, pale gari la kuzoa theluji linapogeuzia. Watu walimwendea kwa ajili ya hofu: mtoto aliyeshtuka, bibi harusi asiyepata usingizi. Dawa yake ilikuwa ile ya bibi zao wote. Aliyeyusha kipande cha madini ya risasi kwenye kijiko cha chuma juu ya makaa, akakufunika kitambaa kichwani, akaimwaga risasi kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya utosi wako huku akisoma. Risasi ilipiga kelele majini, ikaganda, na umbo lake likasema ulichokiogopa.

Nefise alimweleza habari za kivuli na za kugonga kule jikoni kwake. Alilia sana akieleza. Alisema yeye ndiye aliyekipima kivuli cha kaka yake akamjengea kwenye ngazi, yeye ndiye aliyemuua, kwa mchezo wa penseli. Kikongwe alisikiliza bila kumkatiza. Akamwaga risasi. Ikatoka bapa, na ubavu mmoja wake una vidaraja vidaraja kama ngazi. Akaiyeyusha tena, akamwaga tena. Ikatoka vilevile. Akaweka kijiko chini, akamfunua kitambaa.

"Babu zangu walikuwa waashi, mwanangu," alisema. "Walizika vivuli vya watu, Mungu awasamehe. Hebu niambie, kivuli kilichozikwa ukutani kina kazi gani?"

"Kulinda nyumba, bibi."

"Kinatoka kwenda kutafuta watu majikoni kwao?"

Nefise alitikisa kichwa.

"Basi huyu si wa kivuli."

"Ni Rushan?"

"Rushan yuko kwa Mola wake, hana nafasi ya kuzurura. Lakini kila mtu huzaliwa na jini wake, wa kutembea naye. Mtu akifa na haki yake, yule naye huenda zake. Akifa akabebeshwa uongo, yule mwenzake hubaki na mzigo, hajui pa kuutua." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Huyo simfukuzi mimi. Anayedai haki hafukuzwi kwa risasi. Wewe umenipa kosa la kivuli kwa sababu ni jepesi, mwanangu. Hakuna hakimu wa kulihukumu. Lile jingine umeliacha wapi?"

Nefise aliacha pakiti ya kahawa juu ya meza, kama desturi, akatoka. Njiani alijifariji kwamba Bibi Atije amezeeka. Mtu akiwa na hatia hupata haraka sana sababu ya kutomsikia anayemwambia kweli.

Kesho yake, mchana kweupe, Kalchev akiwa amekwenda manispaa, printa kubwa ya ofisini ilianza kuguruma. Ni ile printa ya kuchapia ramani, ndefu kama jeneza, na Nefise hakuwa ameituma kitu. Karatasi ikaanza kutoka, nyeupe, taratibu, ikining'inia, ikifika sakafuni na kujikunja. Ilitoka na ile harufu. Kwanza nyayo za viatu, na Nefise alizijua zile soli, alikuwa amezipangusa matope mwenyewe pale walipomleta, kisha suruali yenye kiraka cha gotini, kisha mkono ulioshika mwiko, wenye kidole cha shahada kilichokatika kwenye ncha tangu utotoni, kila kitu kwa mstari mmoja mwembamba wa wino na kila kitu kwa ukubwa wake wenyewe, si moja kwa hamsini wala moja kwa tano, ni moja kwa moja, mwili wa mtu mzima uliolala ukitoka polepole kwenye mdomo wa mashine na kujilaza juu ya sakafu ya mbao miguuni pake, na yeye akirudi nyuma hatua kwa hatua kwa kadiri karatasi ilivyomfuata mpaka mgongo wake ukagusa jiko na hakuhisi kwamba linaunguza, akisoma kila alichokijua na kuchanganya mwanzo wa sura hii na mwisho wa ile, mpaka yakatoka mabega, ikatoka shingo, ukatoka uso uliogeuzwa upande kama wa mtu anayesikiliza ardhi.

Printa ikakata karatasi. Ikanyamaza.

Kwenye sikio palikuwa na kisanduku cha mistari ya vipande vipande. Kiduara chake hakikuwa na namba, kilikuwa na vistari viwili tu, kama kiduara cha mchoro ambao bado haujawekwa popote.

Hapo Nefise akajua anadaiwa nini. Kalchev alijua habari za namba. Habari za sikio hakuna aliyezijua, ila yeye na marehemu.

Alikunja karatasi ile, akaifunga kwa uzi, akapanda basi la kijijini.

Sabriye alikuwa jikoni akikuna viazi vya patatnik, ule mkate wa viazi wa kikaangoni. Hakusimama.

"Ingia, wifi. Viatu uache hapohapo, usiniletee theluji ndani. Mama amelala." Alimtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umekuja kututembelea au umekuja kuanguka hapa nikuokote?"

Nefise hakukaa. Aliilaza karatasi sakafuni na kuifungua kuanzia miguuni. Sabriye aliacha kukuna. Alipouona mkono alipiga magoti, akaweka kidole chake juu ya kile kidole kilichokatika, na kukilinganisha, pingili kwa pingili. Hakuuliza ni nani aliyemchora. Aliukunjua uso wa mumewe kwa mikono yake mwenyewe na kukaa akiutazama.

"Ile namba niliandika mimi, kwa mkono," Nefise alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilimpeleka kwenye ngazi isiyo yake. Yeye hakusoma vibaya, wifi. Alisoma nilichomwandikia. Alipokufa nikarekebisha, ili ionekane kosa ni lake."

Sabriye alilainisha kona ya karatasi iliyokuwa ikijikunja.

"Na alinipigia simu. Kabla ya kumwaga zege. Aliniuliza, dada, hii ngazi ya mbele mbona haina bimu, una hakika? Nilikuwa na kazi nyingi. Sikufungua hata kompyuta. Nikamwambia fuata karatasi, kaka, karatasi haisemi uongo."

Viazi vilivyokunwa vilianza kuwa vyeusi ndani ya sufuria. Sabriye alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake uko juu ya lile sikio.

"Najua," alisema.

Nefise alishika ukuta.

"Nilikuwa namimina chai. Alikuwa amekaa hapo ulipo. Akaweka simu chini akasema, Nefise anasema nifuate karatasi. Nikamwambia kama moyo wako unakataa, nenda ofisini kwao ukahakikishe. Akacheka. Akaniambia, Sabriye, yule nilimbeba mabegani, hawezi kuniangusha." Aliuondoa mkono kwenye sikio. "Nimekungoja msimu mzima wa baridi, wifi. Ulikuja ukala halua ya arobaini yake hapa. Ukachukua na nyingine kwenye sahani. Nikasema leo atasema. Ukasema halua ni tamu."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Ningesema, watu wangesema mjane anatafuta wa kumlaumu. Na tena hayakuwa yangu." Alisimama, magoti yakamlia. "Sikusamehi leo. Huenda kesho, huenda siku ya kufa kwangu, hilo ni langu na Mungu. Lakini ukitaka huyu alale, usinililie mimi jikoni. Nenda kaseme pale wanapomsema."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini na kujaa kwenye nyumba ya kahawa, Nefise aliingia. Mwanamke haingii pale. Kete za mchezo zikasimama mikononi, na mmoja, mzee wa midomo, akamuuliza kama amekosea mlango au amekuja kumtafuta mume wa pili. Wengine wakacheka kidogo. Nefise alisimama katikati, akangoja kicheko kiishe, kisha akasema yote: namba, simu, kubonyeza mara moja baada ya mazishi. Alisema kaka yake hakuwahi kuigusa glasi, na kwamba waliosema alilewa walisema hivyo kwa sababu yeye aliwaachia nafasi ya kusema. Alipokuwa anatoka, yule mzee wa midomo alikuwa amevua kofia na ameiweka magotini.

Jumatatu alikwenda kwa wakaguzi. Aliandika maelezo, akatia saini, akarudisha funguo za ofisi. Kalchev alipoulizwa alisema hajui lolote, kwamba alibadilishiwa ramani nyuma ya mgongo wake na mfanyakazi aliyemwamini. Nefise hakubishana naye. Alisema lake. La mwenzake halikuwa lake.

Usiku huo ukuta haukugonga. Alilala mpaka adhana ya alfajiri, na alipoamka jikoni palinuka majivu na mkate tu. Kesi ilikuwa bado mbele yake, na jela huenda ikawa mbele yake, na Sabriye alikuwa bado hajamfungulia mlango tangu siku ile. Lakini alisujudu, na paji la uso lilipogusa mkeka alihisi mkeka tu, hakuhisi baridi ya zege.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka kwenye mapaa ya mawe, maji yanachuruzika, siku simu yake ilipolia baada ya swala ya alasiri. Alikuwa Kalchev. Hawakuwa wamezungumza tangu kwa wakaguzi. Mwanzoni alikuwa akipumua tu.

"Nefise," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Karatasi ya kumi na tisa ni ya nini?"

Nefise alikaa chini polepole.

"Uko nayo hapo?"

"Nimeifuta. Inarudi. Halafu kuna nyingine baada yake, na nyingine tena."

"Ya mwisho ina kipimo gani, bosi?"

Karatasi ilisikika ikisogezwa.

"Moja kwa tano," Kalchev alisema. "Ni kiti changu. Ni mimi kwenye kiti changu, Nefise, na nyuma yangu kuna..."

Hakumaliza. Na kwenye simu, kwa mbali, kama linalotoka ndani ya ukuta, Nefise alilisikia: ko, ko. Kisha kimya kirefu.

"Una fundi huko?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuna mtu. Niko peke yangu. Anafanya nini, Nefise? Anagonga, halafu ananyamaza. Mbona ananyamaza?"

Nefise alifumba macho. Aliiona ile kofia imeinama kando, sikio karibu na ukuta.

"Anasikiliza, bosi," alisema. "Mjibu."